Kuyazuia Maji ya Mvua Yasibebe Uchafu wa Chuo Hadi Baharini: Mwongozo kwa Vyuo vya Malindi

Mvua ya kwanza ya masika ndiyo chafu kuliko zote. Miezi yote ya kaskazi eneo la chuo hukusanya vumbi, matone ya oili, kinyesi cha ndege juu ya mapaa, masalia ya saruji na rangi, na vipande vya plastiki visivyohesabika. Kisha siku moja ya Machi au Aprili mbingu inafunguka, na kila kilichokuwa kimetua juu ya mabati, zege na lami kinaoshwa kwa dakika chache na kuingia mtaroni. Mtaro wa maji ya mvua haupiti mahali popote pa kusafishia maji. Unatoka nje ya ukuta wa chuo, unafuata barabara, unateremka bondeni na kuishia ufuoni, na kilichoingia humo saa nne asubuhi chaweza kuwa ndani ya maji ya chumvi kabla ya adhana ya adhuhuri.

Watu wa Malindi tumezoea kuulaumu mto Sabaki kila bahari inapogeuka rangi, na hatukosei, kwa kuwa mto huo huanza kwa jina la Athi huko nyanda za juu, huitwa Galana unapopita Tsavo, na hutufikia ukiwa umebeba udongo wa mashamba ya watu wengi sana. Wakati wa kaskazi mkondo wa bahari huusukuma udongo huo upande wa kusini hadi kwenye matumbawe ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Malindi, iliyotengwa mwaka 1968. Matumbawe ni viumbe hai vinavyohitaji mwanga, na tope linapoyafunika huyanyima mwanga na pumzi. Mashamba ya bara hayako chini ya amri yetu, lakini mtaro wa chuo uko, na tumbawe lililokwisha kuelemewa na tope la Sabaki halina nafasi ya kuongezewa dizeli na rangi yetu.

Mwongozo huu umeandikwa kwa wasimamizi wa majengo, wakuu wa mabweni, kamati za mazingira na wanafunzi wanaotaka kuifanya kazi hii kwa utaratibu. Msingi wake ni kwamba uchafu huzuiwa pale unapotokea, ungali mkavu. Hesabu yenyewe inaonyesha sababu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la jengo la madarasa lenye urefu wa mita 40 na upana wa mita 15 lina mita za mraba 600, kwa hiyo mvua ya milimita 50 humwaga lita 30,000 kutoka paa hilo peke yake. Hakuna chujio wala tangi la chuo litakaloweza kusafisha maji ya namna hiyo kutoka majengo yote kwa alasiri moja, lakini mfagiaji mmoja mwenye ufagio na koleo anaweza kuondoa uchafu mwingi kabla tone la kwanza halijaanguka.

Hatua ya kwanza: fuata maji yanapotembea

Chagua siku ya mvua, usichague siku ya jua. Vaa gambuti, chukua mwavuli na mchoro wa eneo la chuo, na uandike kwa penseli kwa sababu wino huchuruzika karatasi inapolowa. Anzia sehemu ya juu ya mteremko na ushuke pamoja na maji, ukiandika yanatoka wapi, yanapita juu ya nini, na yanatokea wapi nje ya ukuta. Kila mtaro upewe namba. Mahali ambapo maji yanazama ndani ya bomba na huoni yanakotokea, tupa konzi ya machujo ya mbao au majani ya mwarobaini upande wa juu, na mwenzako asubiri upande wa chini kuona kama yatafika na baada ya muda gani. Usitumie rangi wala kemikali kwa jaribio hili, maana utakuwa umechafua maji kwa nia ya kuyalinda.

Ukiwa unatembea, yatazame maji kwa makini. Maji yenye rangi ya chai ya maziwa yamebeba udongo, na ukiyafuata kinyumenyume utafika kwenye ardhi iliyo wazi au rundo la mchanga wa ujenzi. Utando wenye rangi za upinde wa mvua unatoka kwenye oili au dizeli. Povu jeupe lisilovunjika upesi ni sabuni. Harufu ya choo haihitaji maelezo, na ukiikuta acha kila kitu kingine uishughulikie kwanza, kwa kuwa hiyo ni hatari ya kipindupindu na homa ya matumbo, hasa kwa majirani wanaochota maji ya visima.

Kabla hujafunga mchoro wako, hakikisha kila mtaro umepata mwenyewe, yaani mtu mmoja anayejulikana kwa jina na kazi yake, atakayeulizwa kuhusu mtaro huo. Mtaro ulioachiwa kamati nzima hauangaliwi na yeyote.

Hatua ya pili: ukague mtaro usiopaswa kuwa na maji

Subiri hadi zipite siku tatu kamili bila mvua, kisha rudi kwenye mitaro ileile. Wakati huo mtaro unatakiwa uwe mkavu. Ukikuta maji yanatiririka, basi kuna kitu kimeunganishwa pasipostahili: sinki la maabara, sakafu ya kufulia ya mabweni, bomba lililopasuka, au shimo la choo lililojaa. Maji yanayodondoka kutoka kwenye viyoyozi hayana madhara, lakini mengine yote yanahitaji kutafutiwa chanzo. Njia rahisi ni kufungua sinki moja baada ya jingine, ukimimina ndoo moja ya maji katika kila moja, huku mwenzako akitazama mtaroni na kukupigia simu maji yanapotokea.

Nimewahi kuona mtaro wa bweni uliotoa povu kila Jumamosi asubuhi. Wakubwa walidhani wanafunzi wanamwaga beseni zao ovyo, wakawaandikia onyo. Tulipochimba tukakuta kwamba miaka ya nyuma fundi bomba aliunganisha sakafu ya kufulia na mtaro wa mvua, kwa sababu mtaro ulikuwa karibu, ilhali shimo la maji machafu lilikuwa mbali, na bomba lingegharimu zaidi. Wanafunzi walikuwa wakimwaga maji mahali hasa walipoelekezwa. Ndiyo sababu nasisitiza ukaguzi utangulie lawama.

Majengo mengi ya Malindi hutegemea mashimo ya maji machafu, na mashimo hayo lazima yanyonywe na gari la kunyonya kabla ya masika, mwezi wa Februari ikiwezekana, si wakati ardhi imekwisha kulowa. Ardhi ikijaa maji, shimo lililobaki na nafasi ndogo hufurika, na maji yake yakapanda na kujiunga na ya mtaroni.

Hatua ya tatu: jikoni

Mafuta ya kukaangia ndiyo adui mkubwa wa jiko la chuo, na mpishi anayekaanga viazi na samaki kwa ajili ya wanafunzi mia tano ana mengi ya kutupa kila juma. Mafuta yaliyokwisha kazi yaachwe yapoe, yachujwe na kuhifadhiwa ndani ya dumu lenye kifuniko, liwekwe chini ya paa. Muulize fundi sabuni wa mtaani kama atayapokea. Sufuria na karai zifutwe kwa karatasi kabla ya kuoshwa, na mabaki ya chakula yakwanguliwe ndani ya ndoo ya taka. Vyombo vyote vioshwe ndani, kwenye sinki. Mara nyingi utamkuta mama wa jikoni akisugua sufuria kubwa nje, kando ya mtaro, si kwa uzembe bali kwa sababu sufuria haiingii kwenye sinki. Mjengee sakafu ya kuoshea yenye kingo, iliyofunikwa kwa paa, yenye bomba linaloelekea kwenye mtego wa mafuta na hatimaye kwenye shimo la maji machafu.

Mtego wa mafuta ni sanduku la zege au chuma ambamo maji hutulia: mafuta huelea juu, makombo huzama chini, na maji ya katikati hutoka. Unafanya kazi ukisafishwa tu. Tumbukiza kijiti hadi chini na uangalie. Tabaka la mafuta na la makombo kwa pamoja likifika robo ya kina chote, usafishe siku hiyohiyo, na kinachotolewa kisimwagwe bustanini.

Hatua ya nne: jenereta, magari na mahali pa matengenezo

Umeme unapokatika, jenereta ya chuo hunguruma, na mara nyingi kando yake kuna pipa la dizeli lililosimama juu ya udongo uliogeuka mweusi. Udongo huo mweusi ni ushahidi wa matone ya miaka. Jenereta na pipa viwe chini ya paa, juu ya sakafu ya zege iliyozungushiwa ukingo, na nafasi iliyo ndani ya ukingo iweze kubeba asilimia 110 ya chombo kikubwa kuliko vyote vilivyomo. Pipa la lita 200 linahitaji ukingo wa kuzuia lita 220. Ukingo usiwe na tundu lililo wazi. Maji ya mvua yakiingia humo kwa upepo wa kusi, yatazamwe kwanza kama yana utando wa mafuta kabla ya kutolewa.

Mafuta yakimwagika, usichukue mpira wa maji. Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi, na hufanywa na watu wenye nia njema wanaotaka mahali pang'ae. Zuia kwanza yasifike mtaroni kwa kumwaga mchanga mkavu mbele yake, kisha funika eneo lote kwa machujo ya mbao au mchanga, uache ufyonze, ufagie, utie ndani ya gunia la nailoni na ulihifadhi pamoja na taka zenye mafuta. Rudia hadi sakafu isiwe na utelezi. Ili hili liwezekane, ndoo mbili za machujo, koleo na ufagio viwekwe kando ya jenereta siku zote, maana mafuta yaliyomwagika hayatasubiri ufunguo wa stoo utafutwe. Magari na pikipiki za chuo zioshwe juu ya nyasi au changarawe mbali na kisima, na oili ibadilishwe gerejini.

Hatua ya tano: ujenzi na rangi

Vyuo vyetu vinajengwa kila mwaka, na kwa maoni yangu hapa ndipo madhara makubwa zaidi yanapotokea kwa muda mfupi. Eneo moja la ujenzi lililoachwa bila ulinzi linaweza kutoa udongo mwingi kwa mvua moja kuliko eneo lote la chuo lenye nyasi kwa msimu mzima.

Jioni moja nilimkuta fundi rangi amechuchumaa ukingoni mwa mtaro, nyuma ya madarasa mapya, akiikamua brashi yake ndani ya ndoo na kuimwaga ndoo mtaroni. Maji yalikuwa meupe kama tui la kwanza.

"Bwana fundi, unajua mtaro huu unakwenda wapi?" nilimuuliza.

"Mwalimu, hii ni rangi ya maji," alinijibu kwa upole. "Haina mafuta ndani yake."

Nikamwomba tuufuate pamoja. Tulitoka nje ya ukuta, tukavuka barabara, tukateremka kati ya mivinje hadi ufuoni. Maji yalikuwa yamekupwa na kuacha vidimbwi juu ya mwamba, na kidimbwi kilichokuwa karibu na mdomo wa mtaro kilikuwa cheupe hadi chini. Kaa mdogo alikuwa akijivuta kutoka ndani yake, magamba yake yamepakwa weupe uleule wa kuta zetu. Fundi alisimama kimya kwa muda, kisha akasema, "Wallahi, mwalimu, sikuwahi kufika huku." Siku ya pili alikuja mwenyewe kuuliza aoshe wapi, na hapo ndipo nilipotambua kwamba kosa halikuwa lake. Tulimpa kazi ya kupaka rangi jengo lenye vyumba kumi na viwili bila kumpa sinki hata moja.

Kwa hiyo, kabla fundi yeyote hajaingia chuoni, mwonyeshe mahali pa kuoshea vifaa, na mahali hapo pawe pameunganishwa na shimo la maji machafu. Brashi ikaushwe kwanza kwa kuipaka juu ya ubao au karatasi kuukuu, ili rangi itakayoingia kwenye maji iwe ndogo. Brashi za rangi ya mafuta zioshwe kwa tina, yaani kiyeyusha rangi, ndani ya kopo lenye kifuniko. Rangi ikishatulia chini, tina ya juu hutumika tena, na tope lililobaki huhifadhiwa kama taka hatari.

Zege lina hatari ambayo wengi hawaijui. Maji yaliyooshea mashine ya kuchanganyia zege, koleo na karai yana ukali uleule wa saruji unaochubua mikono ya mafundi wetu, na ukali huo huunguza vilevile mashavu ya samaki. Chimba shimo pana lenye kina kifupi mbali na mtaro, litandike kwa nailoni nene isiyo na matundu, na vifaa vyote vioshewe humo. Maji yatakauka kwa jua, zege litaganda, nawe utalivunja na kulitumia kama kifusi. Mvua ikitishia, lifunike.

Marundo ya mchanga, kokoto na udongo yawekwe mahali palipoinuka, yafunikwe kwa turubali lililozuiwa na mawe kila jioni, na yazungushiwe magunia ya mchanga upande wa mteremko. Upande wa chini kabisa wa eneo chimba shimo la kutulizia tope, ili maji yatakayopita yaache udongo humo kabla ya kuendelea. Usifyeke eneo lote kwa mpigo ikiwa unajenga sehemu moja tu. Nyasi zilizobaki ni chujio lisilogharimu chochote. Mambo haya yote yaandikwe ndani ya mkataba, pamoja na malipo yake, kwa kuwa mkandarasi hatanunua turubali ambalo hakulipigia hesabu.

Sheria nayo iko upande wako. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 na Kanuni za Ubora wa Maji zilizo chini yake zinakataza kuchafua maji, na NEMA ndiyo mamlaka inayozisimamia. Nimeona kwamba kuzitaja kwa utulivu katika kikao cha kwanza na mkandarasi huepusha mabishano ya kikao cha tano.

Hatua ya sita: maabara na zahanati ya chuo

Kemikali yoyote isiingie kwenye sinki lisilojulikana linakwenda wapi, wala isimwagwe nje "kwa sababu ni kidogo". Kila taka iwekwe ndani ya chombo chake chenye jina na tarehe, vimiminika vinavyochukiana vitenganishwe, na vyote vichukuliwe na msafirishaji mwenye leseni ya NEMA ya kubeba taka hatari.

Hatua ya saba: taka na kunguru

Pipa lisilo na kifuniko hapa pwani ni sawa na hakuna pipa, kwa sababu kunguru hawa walioingia kutoka Bara Hindi hufika alfajiri kabla ya wafagiaji, wakachambua kila kilichomo na kukisambaza uwanjani, na upepo ukamalizia kazi. Nunua mapipa yenye vifuniko vizito. Yasiwekwe juu ya mtaro wala kando ya tundu la kupokea maji, na yamwagwe kabla hayajajaa. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Kenya tarehe 28 Agosti 2017, lakini vifungashio vya vitafunio, vizibo na chupa bado vipo kwa wingi, na vichungi vya sigara ambavyo watu huvidhani ni pamba kwa kweli ni plastiki.

Ufagiaji uwe mkavu. Anayetumia mpira wa maji kusafisha barabara za chuo anafanya kazi ya mvua ya kwanza, tena wakati ambapo hakuna maji mengi ya kupunguza makali ya uchafu. Chini ya mivinje fagia mara nyingi zaidi, kwani majani yake membamba hujisuka juu ya nondo za tundu la mtaro kama mkeka, na maji yakikosa njia hupita juu ya ukingo yakizoa udongo wa bustani.

Hatua ya nane: bustani, na kuyapa maji nafasi ya kuzama

Mbolea na dawa za kuua wadudu zinafaa bustanini na ni sumu zikifika baharini. Mbolea ikiingia kwenye maji hulisha mwani, nao mwani ukizidi huyafunika matumbawe. Usiweke mbolea wingu linapotanda. Weka kidogo kidogo, uichanganye na udongo, na uache ukanda wa nyasi usiotiwa chochote kando ya kila mtaro. Samadi iwe imefunikwa. Ardhi iliyo wazi ipandwe nyasi au itandazwe majani makavu kabla ya masika, kuanzia kwenye miteremko.

Maji yanayozama ardhini hayafiki mtaroni, kwa hiyo kila yanapoweza kuzama yaache yazame. Maegesho yakiwa ya changarawe badala ya zege, na vitanda vya maua vikiwa chini ya usawa wa njia badala ya kuinuliwa juu yake, sehemu kubwa ya mvua itabaki pale ilipoangukia. Bustani ya mvua si kitu cha ajabu: ni bonde dogo lenye kina cha shubiri moja, lililochimbwa upande ambao maji huelekea na kupandwa mimea inayostahimili kulowa na kukauka. Maji yasikae humo zaidi ya siku mbili au tatu, maana mbu anahitaji takribani juma moja kutoka yai hadi kupata mabawa, na hatutaki kuiokoa bahari kwa kuwaletea wanafunzi malaria na dengi.

Hata hivyo, hapa naomba uangalifu wa pekee. Sehemu kubwa ya ardhi ya mwambao wetu ni mchanga juu ya mwamba wa matumbawe wa kale, wenye nyufa na matundu yanayopitisha maji upesi bila kuyachuja. Maji ya paa hayana hatari kubwa yakielekezwa ardhini. Maji ya maegesho, gereji na jiko yasielekezwe kamwe karibu na kisima, kwa kuwa yanaweza kufika humo yakiwa na uchafu wake wote.

Maji ya paa yenyewe ni mali. Yavune ndani ya matangi, lakini yale ya mwanzo wa mvua yaachwe yapite pembeni kwa sababu yanabeba vumbi na kinyesi cha ndege, na kila tundu la tangi lizibwe kwa wavu wa mbu. Chuo chenye matangi hupunguza mafuriko ya mtaro wake na hupunguza pia bili yake ya maji.

Hatua ya tisa: safisha mitaro kabla ya kila msimu

Fanya usafi mkubwa mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa Februari kwa ajili ya masika na mwishoni mwa Septemba kwa ajili ya vuli. Tope litolewe kwa koleo, lisisukumwe kwa maji kuelekea kwa jirani wa chini. Lisiachwe ukingoni pia. Nimeona kazi ya siku mbili ya vijana ishirini ikirudi mtaroni usiku mmoja, kwa sababu lori la kubebea tope lilikuwa limeahidiwa kuja kesho yake na mvua ikatangulia. Agiza lori kwanza, ndipo uwaite watu.

Siku hiyohiyo, juu ya kila tundu la mtaro paka maandishi haya kwa rangi isiyofutika: "Maji haya yanakwenda baharini." Chora na samaki pembeni. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wapelekwe kwa miguu kutoka bwenini hadi mdomo wa mtaro ufuoni katika juma lao la kwanza chuoni. Yaliyompata fundi rangi yalinifundisha kwamba safari hiyo fupi inashinda mabango kumi.

Hatua ya kumi: pima kwa chupa

Huhitaji maabara kujua kama kazi inazaa matunda. Mvua kubwa ya kwanza inaponyesha, kinga maji kwenye mdomo wa kila mtaro kwa chupa ya kioo isiyo na rangi, zote ziwe za ukubwa mmoja, katika dakika kumi za mwanzo, na ukinge tena baada ya nusu saa. Bandika namba ya mtaro, tarehe na saa. Ziweke juu ya rafu zisitikiswe hadi kesho yake, kisha pima kwa rula unene wa tope lililotua chini, na uandike kama kuna utando juu, harufu au povu. Vaa glavu unapokinga, na unawe mikono kwa sabuni ukimaliza.

Tope la chupa moja likizidi la wenzake, fungua mchoro wa hatua ya kwanza, ufuate namba ya mtaro huo kinyumenyume, na ukague kila kilicho njiani. Vipimo vyote viandikwe katika daftari moja lenye jalada gumu linalokaa ofisi ya msimamizi wa majengo, si katika simu ya mtu atakayehama chuo mwakani. Chupa za mwaka huu zisimwagwe kabla hazijapigwa picha, na picha hizo zibandikwe daftarini, ili masika ijayo chupa ya mtaro namba nne iwekwe kando ya picha yake ya zamani na mkuu wa chuo aonyeshwe zote mbili kabla ya kuombwa fedha za turubali.